Ala Nzuri ni Nusu ya Usalama: Mazungumzo kwa Wakazi Wanaobeba Bastola kwa Leseni



Hakuna mkazi wa kaunti hii anayehitaji kufundishwa maana ya ala. Tangu zamani mwanamume wa Kimaasai huvaa sime yake, olalem, kiunoni, ndani ya ala ya mti iliyovikwa ngozi na kutiwa rangi nyekundu. Fundi hatengenezi ala kwanza kisha akatafuta sime ya kuitia. Huchukua kipimo cha sime yenyewe, ndipo akachonga. Ala ikilegea, sime huanguka mwenyewe akikimbiza ndama. Ikibana kupita kiasi, sime haichomoki wakati wa haja. Ikipasuka, wa kwanza kukatwa ni mwenye sime.

Mazungumzo haya yanahusu ala ya aina nyingine: mkoba wa kubebea bastola kiunoni. Walio na leseni ya bastola ni wachache kati ya wakazi. Hata hivyo jambo hili ni la kila mtu, kwa sababu bastola ya mmoja hukaa kwenye kiti kimoja cha matatu na mtoto wa mwingine, hupiga foleni benki pamoja na mama mjamzito, na huingia kanisani Jumapili pamoja na waumini wote. Mwenye leseni akichagua ala mbaya, si yeye peke yake anayelipa gharama.

Kwanza, leseni

Katiba ya mwaka 2010 haimpi raia haki ya kumiliki bunduki. Anayeruhusiwa, ameruhusiwa na sheria kwa masharti. Sheria hiyo ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya. Hakuna anayeruhusiwa kuwa na bunduki wala risasi bila cheti, na cheti hicho hutolewa na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, ambayo ni chombo cha serikali ya kitaifa. Usalama wa taifa na huduma ya polisi ni kazi za serikali ya kitaifa kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Serikali ya kaunti haitoi cheti cha bunduki. Kwa hiyo mtu anayemwambia mkazi kwamba anaweza kumpatia cheti kupitia dirisha la ofisi ya kaunti ni tapeli, na anafaa kuripotiwa polisi.

Cheti huhuishwa kila mwaka. Mnamo Desemba 2018 serikali ya kitaifa iliagiza raia wote wenye leseni za bunduki wahakikiwe upya. Agizo hilo liliwakumbusha wengi kwamba leseni si mali ya kurithi, na Bodi inaweza kuichukua ikiona mwenyewe hafai tena. Sheria pia inamtaka mwenye silaha aihifadhi mahali salama, na inamwadhibu anayelewa au kufanya fujo akiwa nayo.

Leseni inampa mtu ruhusa ya kubeba, si ruhusa ya kujionyesha. Bastola ya raia hubebwa ikiwa imefichwa. Haitolewi ili kumaliza ubishi wa mahali pa kuegesha gari, wala haipigwi picha harusini. Bastola inayoonekana huwatia hofu walio wema na kuwaita walio wabaya, maana jambazi anayeijua bastola ilipo atamvizia mwenyewe ili aichukue.

Siku moja ya mfanyabiashara wa mifugo

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa ng'ombe anayeishi Entarara. Ana leseni halali. Aliiomba kwa sababu kazi yake humfanya atembee na pesa na kurudi nyumbani usiku. Ameilipia bastola yake pesa nyingi, akaichagua kwa makini. Lakini ala amenunua ile ya bei ya chini kabisa, ya kitambaa laini, iliyoandikwa kwamba inatosha bastola za aina zote. Mshipi wake ni ule ule wa kanisani, mwembamba na umeanza kulegea.

Alfajiri anaingia kwenye gari kuelekea mnada wa Bissil. Baada ya nusu saa bastola inaanza kumchoma mbavuni. Katika magari ya Kenya dereva huketi upande wa kulia, na bastola ya mtu anayetumia mkono wa kulia hubanwa kati ya nyonga, kiti na mlango. Anaivumilia kidogo, kisha anaichomoa na kuiweka kwenye kiti cha pembeni. Gari linaruka tuta, bastola inaanguka chini na kuteleza karibu na breki. Mbele kuna kizuizi cha polisi. Afisa anainama dirishani na kitu cha kwanza anachokiona ni silaha sakafuni mwa gari.

Mnadani anainama kukagua kwato za fahali. Shati linapanda, mpini wa bastola unaonekana, na vijana watatu waliosimama kando ya zizi wanatazamana. Mchana jua ni kali, jasho linalowanisha kitambaa cha ala, vumbi linaingia. Akienda msalani, anaiweka bastola juu ya ukuta mfupi. Jioni anapita Kitengela kukutana na mnunuzi kwenye kibanda cha nyama choma. Bastola imemchosha, kwa hiyo anaifungia garini na kwenda kula. Usiku anafika nyumbani amechoka, anaiweka juu ya kabati, na watoto wako macho.

Huyu si mtu mbaya. Hakukusudia kuvunja sheria hata mara moja. Kosa lake moja la asubuhi, kuvaa ala isiyomkaa vizuri, ndilo lililozaa mengine yote. Watu hudhani kwamba starehe ya ala ni anasa. Sivyo. Ala inayoumiza huvuliwa, na bastola iliyovuliwa huwekwa mahali ambapo haikupaswa kuwekwa. Kila mara bastola inapotoka mwilini na kurudi, nafasi ya ajali huongezeka. Ala nzuri ni ile ambayo mwenyewe anaweza kuivaa kutoka asubuhi hadi usiku bila kuigusa.

Funzo kutoka New York

Kuna kisa kimoja kilichojulikana duniani kote. Plaxico Burress alikuwa mchezaji nyota wa kandanda ya Kimarekani katika timu ya New York Giants. Februari 2008 aliifungia timu yake pointi zilizowapa ubingwa wa Marekani. Miezi michache baadaye, mwishoni mwa Novemba mwaka huo huo, aliingia klabu ya usiku mjini New York akiwa na bastola iliyojaa risasi. Hakuwa na ala. Aliichomeka tu kiunoni, ndani ya suruali laini ya mazoezi.

Bastola iliteleza ndani ya mguu wa suruali. Akafanya kile ambacho mkono wa binadamu hufanya wenyewe kitu kinapoanguka: akaidaka. Kidole kikakuta kifyatulio, ambacho wengi hukiita triga, na risasi ikampita pajani. Bahati ilikuwa kwamba hakuna mwingine aliyeumia. Kibali alichokuwa nacho kilikuwa cha jimbo la Florida, nacho kilikuwa kimekwisha muda. New York hakuwa na kibali chochote. Mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili jela. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kununua duka zima la ala alifungwa kwa kukosa ala moja na karatasi moja.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza, mshipi wa suruali si ala. La pili, bastola ikianguka, iachwe ianguke. Bastola za kisasa zilizo katika hali nzuri zimeundwa zisifyatuke kwa kuanguka tu, lakini hakuna bastola inayojua kwamba kidole kilichovuta triga kilikuwa kinajaribu tu kuidaka.

Mambo manne ya kuangalia kabla ya kununua

La kwanza ni kifyatulio. Ala lazima ikifunike chote, pande zote mbili, kwa kitu kigumu. Mtu akibonyeza ala kwa nje kwa kidole gumba, asiweze kuisikia triga ikisogea. Bastola nyingi za leo hazina kitufe cha nje cha kuzuia risasi. Kwa bastola za namna hiyo, ala ndiyo ukuta pekee kati ya triga na funguo, kalamu au pindo la shati. Ala ya kitambaa laini, au ya ngozi iliyochakaa na kujikunja mdomoni, inaweza yenyewe kuingia penye triga bastola inaporudishwa, na risasi ikatoka. Ajali za namna hiyo zimewahi kutokea.

La pili ni kushika. Ala iwe imetengenezwa kwa bastola ya aina ile ile, kama ala ya sime ilivyopimwa kwa sime yake. Jaribio lake ni rahisi. Bastola itolewe risasi zote, chumba cha risasi kikaguliwe mara mbili, na risasi ziwekwe chumba kingine. Kisha bastola itiwe ndani ya ala, ala igeuzwe juu chini mahali penye godoro au blanketi, na itikiswe. Bastola ikidondoka, ala hiyo haifai. Mfanyabiashara wa mifugo huruka uzio, hukimbia, hupanda bodaboda. Ala inapaswa kumudu hayo yote.

La tatu ni mdomo wa ala. Bastola ikishatoka, mdomo ubaki wazi, usijifunge. Ala inayojifunga humlazimu mtu aifungue kwa mkono wa pili anaporudisha bastola, na mkono huo hujikuta mbele ya mtutu.

La nne ni mshipi. Wengi hulaumu ala wakati mwenye kosa ni mshipi. Mshipi mwembamba hujikunja, bastola ikaning'inia nje na kuonekana, kisha ikavuta suruali chini. Unaofaa ni mshipi mgumu, wenye upana wa kama inchi moja na nusu, unaopita sawasawa kwenye klipu za ala bila kucheza. Klipu na skrubu zikaguliwe kila wiki. Skrubu hulegea polepole kwa mtikisiko wa barabara mbovu, na klipu iliyovunjika humfanya mtu achomoe bastola ikiwa bado ndani ya ala yake.

Ngozi au plastiki, ndani au nje

Ngozi nene, iliyoshonwa vizuri, hulainika kwa mwili wa mvaaji na haikwaruzi. Ubaya wake ni kwamba hunywa jasho, nayo jasho hutia chuma kutu. Bastola isilale ndani ya ala ya ngozi wiki baada ya wiki. Plastiki ngumu iliyoumbwa kwa joto hainywi jasho, huoshwa kwa maji, na haibadiliki umbo kwa haraka. Ubaya wake ni kwamba vumbi likiingia hukwaruza bastola, na ncha zake huweza kuumiza ngozi ya mtu. Kwa jua na vumbi la Kajiado, ala ya aina yoyote inataka kupanguswa mara kwa mara, na bastola kupakwa mafuta kidogo. Fulana nyepesi ya ndani kati ya ala na ngozi ya mwili hupunguza michubuko mingi.

Anayetaka kutengenezewa ala ya ngozi na fundi asimwachie fundi bastola yake, hata kwa saa moja. Cheti ni cha mwenyewe, na kumkabidhi silaha mtu asiye na cheti ni kujitafutia kesi. Njia salama ni kupitia kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni.

Kuhusu mahali pa kuvaa, ala inayokaa ndani ya suruali hufichika vizuri zaidi, lakini suruali inunuliwe kubwa kwa saizi moja. Ala ya nje ya suruali hustarehesha zaidi, lakini huhitaji koti au shati refu. Nyuma kidogo ya nyonga hufaa anayetembea au kusimama sana, japo anayeendesha gari kutwa ataona taabu. Mbele karibu na kitovu ni rahisi kulinda mtu akiwa amebanwa ndani ya umati, ila mtutu huelekea pajani, kwa hiyo hapo ala dhaifu haina nafasi kabisa. Katikati ya mgongo si pazuri: mtu akianguka kutoka kwenye pikipiki, chuma hicho hugonga uti wa mgongo. Ala ya kwapani yenye kulaza bastola huelekeza mtutu kwa watu walio nyuma, na katika foleni ya matatu walio nyuma ni majirani.

Mtu akishachagua mahali, asibadilishebadilishe. Mkono hujifunza njia moja. Wiki ya kwanza avae ala nyumbani bastola ikiwa tupu kabisa: akae, ainame, aingie na kutoka garini, achuchumae kama anayekagua kwato. Kinachomuumiza nyumbani kitamuumiza mnadani.

Kurudisha, msalani na kwenye kizuizi

Wakati wa hatari zaidi si kuchomoa bali kurudisha. Hakuna haraka ya kurudisha bastola. Kidole kikae nje ya triga, kimenyooka. Shati liinuliwe, mtu atazame ndani ya ala, kisha airudishe polepole. Kamba za koti la mvua, zile za kukaza kiunoni, zikatwe au zifungwe mbali. Kamba hizo zimeshaingia kwenye ala za watu na kuvuta triga.

Msalani, bastola ibaki ndani ya ala, na ala ibaki kwenye mshipi, ndani ya suruali iliyoshushwa. Isiwekwe juu ya ukuta wala kutundikwa kwenye msumari. Mwaka 2015 iliripotiwa mjini Washington kwamba polisi wa kulinda Bunge la Marekani, watu waliofunzwa kazi hiyo, walisahau bastola zao vyooni, na moja ikakutwa na mtoto.

Kwenye kizuizi cha polisi, mikono ikae kwenye usukani. Mwenye leseni amwambie afisa kwa heshima kwamba ana silaha na cheti chake, aseme viko wapi, kisha asubiri maelekezo. Asiishike bastola ili kuionyesha.

Pale penye pombe, jibu ni moja tu. Siku ya kunywa ni siku ya kuiacha bastola imefungiwa nyumbani. Si garini, maana dirisha la gari huvunjwa kwa jiwe moja.

Nyumbani

Ala hulinda bastola iliyo mwilini. Ikitoka mwilini, kinachoilinda ni sefu. Sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, ndilo mahali pake. Juu ya kabati, chini ya godoro na ndani ya mkoba wa mama si mahali pake. Watoto hujua kila kitu kilichofichwa nyumbani kabla ya wageni. Vilevile, bastola iingie sefuni ikiwa ndani ya ala yake, ili triga ibaki imefunikwa mkono unapoishika tena asubuhi.

Silaha ikipotea au kuibwa, iripotiwe kituo cha polisi mara moja. Aibu ya kuripoti ni ya siku moja. Bastola iliyopotea inaweza kuua miaka kumi baadaye.

Kwa wakazi wasio na bunduki

Mkazi akiiona bastola imesahaulika mahali, asiiguse. Azuie watoto wasisogee, amwite mtu mzima mwingine asimame hapo, na apige simu 999 au 112, ambazo hazitozwi. Akiona mtu anaitoa silaha ili kutishia, asibishane naye. Aondoke, kisha aripoti.

Mke, mume au mzazi wa mwenye leseni ana haki ya kuuliza maswali matatu nyumbani: cheti kinaisha lini, sefu iko wapi, na ala inafunika triga? Mtu anayestahili kubeba bastola hakasirishwi na maswali hayo.

Turudi kwa yule mfanyabiashara wa Entarara. Akinunua ala ya kipimo cha bastola yake na mshipi unaostahimili, siku yake inabadilika. Bastola haimchomi garini, kwa hiyo haitoki. Kizuizini afisa anaona cheti, si silaha sakafuni. Mnadani shati linapanda na hakuna kinachoonekana. Msalani haachi kitu. Kitengela anamaliza biashara yake mapema bila pombe. Usiku bastola inatoka kiunoni mara moja tu, ikiwa ndani ya ala yake, na kuingia sefuni. Kutwa nzima hakuna aliyejua kwamba alikuwa nayo, na watoto wake wamelala salama.